Miezi Saba ya Njoo Kesho

Mbwa wa Ambalasoa walikuwa wameacha kumbwekea Fenosoa. Mwezi wake wa kwanza kijijini walimtimua hadi ng'ambo ya mfereji. Mwezi wa tatu wakawa wanabweka wakiwa wamelala, kwa kutimiza wajibu tu. Ulipofika mwezi wa saba walikuwa wanafungua jicho moja, wanaona ni yuleyule wa Biblia, wanalifumba. Jioni hiyo Fenosoa alichukua fomu ya kanisa, akaigeuza, akaandika upande wa nyuma: "Mbwa wamenizoea. Asante, Bwana."

Upande wa mbele hakuwa na la kuandika. Huko palikuwa na swali moja lililopigwa chapa kwa herufi kubwa: NYUMBA NGAPI ZIMEFUNGULIWA KWA IBADA? Na Fenosoa, mhubiri wa miaka ishirini na mitatu aliyetumwa kutoka mjini akiwa na kikapu kimoja na koti la marehemu babu yake, alikuwa amekwisha kuandika sifuri mara sita, sifuri moja kwa kila mwezi. Zilikuwa sifuri nzuri, za mviringo, na kila mwezi zilizidi kupendeza.

Si kwamba watu walimfukuza. Afadhali wangemfukuza, angejua moja. Lakini huku kwetu kwenye milima ya Madagaska mtu hamwambii mgeni hapana, ni aibu. Fenosoa akipiga hodi aliitikiwa karibu. Aliketishwa upande wa kusini, pale karibu na mlango wanapolala kuku, maana kaskazini ni kwa wakubwa. Aliletewa kikombe cha maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, ya moto, yenye harufu tamu ya kuungua. Aliulizwa habari za safari, hata kama alikotoka ni nyumba ya jirani. Watu walicheka naye, wakamsifia koti. Kisha yeye alikohoa, akasimama, akafungua kinywa:

"Ndugu zangu, saa ya wokovu ni sasa!"

Hapo nyuso ziliganda. Mmoja alikumbuka kwamba hajamfunga ng'ombe. Mwingine alishikwa na jino. Mama mwenye nyumba alianza kufagia palipokuwa pamefagiliwa. Na mwishowe mtu alisema kwa upole mkubwa, akimsindikiza hadi uani:

"Maneno mazuri sana hayo. Njoo kesho."

Fenosoa alikuja kesho. Mwanzoni alikuja kila kesho aliyoambiwa, maskini, kwa moyo mweupe. Bingwa wa kesho alikuwa mzee Ralaivao, msemaji wa kijiji, ambaye hakuna harusi wala mazishi yaliyopita bila ulimi wake. Mzee huyo alikuwa na kesho za kila namna. Siku moja Fenosoa akajaribu kumbana.

"Mzee, jana uliniambia kesho. Leo ndiyo kesho yenyewe."

"Ndiyo, mwanangu. Na umefanya vizuri kuja," akasema Ralaivao. "Sasa angalia bahati ilivyo mbaya. Kesho niliyokuambia mimi si hii."

"Ni ipi, mzee?"

"Ile nyingine."

Siku hiyo mke wa Ralaivao alimwonea huruma kijana. Akampa kifaranga chenye miguu iliyopinda, ambacho wote nyumbani walikuwa wanangoja kife. Fenosoa akakiweka ndani ya koti, akakilisha kwa kidole, na kikagoma kufa. Kikawa kuku jike mwekundu, mwenye mwendo wa kiwete na maringo ya malkia. Akamwita Neema. Nyuma ya fomu ya mwezi ule aliandika: "Nimepata mshirika mmoja. Ana mabawa."

Katika kijiji kizima ni mtu mmoja tu aliyemwambia ukweli usoni, naye ni bibi Ravelonoro, mjane mfupi aliyevaa kofia ya ukindu hata ndani ya nyumba. Watu walimwogopa kwa ulimi wake. Fenosoa hakuwahi hata kumaliza kupiga hodi kwake.

"Hodi, bibi!"

"Sitaki!"

"Lakini bado sijasema kitu."

"Ndiyo maana nimewahi." Alikuwa anatwanga mpunga, wala hakuinua uso. "Leo sitaki, kesho sitaki, na siku nikifa ukija kwenye mazishi ujue aliyelala mle ndani hataki. Shika mchi huo mwingine, usisimame kama nguzo."

Fenosoa akashika mchi. Wakatwanga kwa zamu, yeye akipiga, bibi akipiga. Kinu kilipojaa mchele bibi alimtia kiganja cha karanga mfukoni na kumwambia aondoke. Fenosoa akaondoka akitafuna, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko akitoka kwa mtu mwingine yeyote. Alimpenda yule bibi. "Bibi Ravelonoro leo amesema sitaki mara nne tu," aliandika. "Jana zilikuwa sita. Karanga zilikuwa mbichi kidogo, ila nyingi."

Alijua habari zake kwa kusikia. Bibi alizaa wana wawili, wote wako mji mkuu, mwaka wa tano huu hawajapanda kilima hiki. Tangu mumewe azikwe hajachinja kuku. Mtu wa mbali angedhani ni ubahili. Kwetu kuku akichinjwa, kitako chake ni cha mzazi. Hata mtoto mwenye mvi anakishika kwa mikono miwili na kumpa mama yake au baba yake, ndipo wengine wale. Sasa bibi angechinja kuku, kitako kile nani ampe? Ajipe mwenyewe? Kwa hiyo alikula majani ya maboga, mwaka baada ya mwaka, na kuku wake wakazeeka.

Basi ikafika barua. Iliandikwa na Mchungaji Andriamasy, aliyekuwa mwalimu wa Fenosoa wa mahubiri kule chuoni, mtu mwema mwenye saa kubwa ya mkononi. Mchungaji aliipenda sana saa ile. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake: "Hawa wazee wetu wanaomba radhi nusu saa kabla hawajasema neno. Nyie msipoteze muda. Ingia kwenye Neno moja kwa moja, kama msumari!" Na Fenosoa, aliyekuwa mwanafunzi mtiifu kuliko wote, akawa msumari.

Barua ilikuwa fupi kama mwandishi wake. Mchungaji atafika Jumapili baada ya siku kumi. Ikiwa hata nyumba moja haijafunguliwa kwa ibada, kituo kitafungwa na Fenosoa arudi mjini, atafutiwe kazi kwenye duka la vitabu.

Fenosoa aliisoma barua hiyo mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, Neema akisikiliza. Hakulia, lakini alitamani. Hakuogopa duka la vitabu. Aliogopa kushuka kile kilima mbwa wakimwangalia kwa jicho moja, na asiwepo mtu hata mmoja wa kuuliza amekwenda wapi. Alikuwa amekipenda kijiji kisichomtaka.

Siku saba alizunguka. Akapewa kesho kumi na mbili na sitaki moja ndefu. Zikabaki siku tatu.

Alhamisi asubuhi alitoka nje akakuta kijiji kitupu. Ilikuwa siku ya soko kule bondeni, na Alhamisi siku zote kijiji hubaki na kuku na wazee wasioweza kutembea. Juu ya mlima kulikuwa na wingu jeusi, limeshuka chini, lenye weupe tumboni. Kila mtu wa milimani analijua wingu hilo. Ni la mvua ya mawe. Na katika majaruba yote yale, moja tu lilikuwa na mpunga ulioiva na kuinamisha vichwa, ukingoja mundu: jaruba la bibi Ravelonoro, ambaye hakuwa na wana wa kumvunia.

Fenosoa akaona kazi yake iko wazi. Afanye wema bila tarumbeta, mwenyewe akiwa sokoni. Akavua koti, akachukua mundu, akaingia matopeni hadi magoti. Alikata kama mwendawazimu. Mgongo ulimuuma, mikono ilichubuka, wingu lilinguruma, naye akaimba nyimbo zote alizozijua na mbili alizozitunga palepale. Saa tisa mpunga wote ulikuwa umefungwa miganda na kupangwa juu ya tuta.

Akainua macho kuangalia wingu. Wingu lilikuwa limejiendea zake. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Watu walianza kurudi kutoka sokoni wakifuatana juu ya tuta, vikapu kichwani. Wakasimama. Fenosoa aliwapungia mundu kwa furaha. Hakuna aliyempungia. Mzee Ralaivao akashuka polepole hadi ukingoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu.

"Fenosoa. Leo siku gani?"

"Alhamisi, mzee."

"Na kwenye mpunga unafanya nini?"

"Namsaidia bibi..." Akautazama mundu. "Kwani hapa siyo Jumanne?"

Kumbe! Kwao Fenosoa siku ambayo hakuna anayegusa mpunga ni Jumanne. Hivyo ndivyo babu yake alivyomlea. Na kwa kuwa hakutaka kuwaudhi watu wa Ambalasoa, kila Jumanne kwa miezi saba alikuwa amejifungia ndani, asiguse hata jembe, kwa adabu. Kijiji kizima kilidhani ni mvivu wa Jumanne. Mwiko wa bonde hili ni Alhamisi. Yeye alidhani siku hiyo majaruba yako matupu kwa sababu ya soko, kumbe soko liliwekwa siku hiyo kwa sababu majaruba ni matupu.

"Jumanne!" Ralaivao akashika kiuno. Nyuma yake mtu alicheka, akajiziba mdomo haraka, maana jambo lenyewe halikuwa la kuchekwa. Mwiko ukivunjwa, mvua ya mawe huingia bonde zima, na mpunga wa watu wengine ulikuwa bado unaiva. "Kesho kabla ya jua kuzama," akasema mzee, "utaleta kuku. Tutamla pamoja nyumbani kwa mwenye jaruba, na utasimama uombe radhi mbele ya wote."

Fenosoa alisikia kwamba kwa mara ya kwanza mzee Ralaivao amesema kesho na amemaanisha.

Bibi Ravelonoro alikuwa amesimama na kapu lake, akiitazama miganda ile, imefungwa vizuri, vichwa upande mmoja. Hakusema sitaki. Hilo lilimuumiza Fenosoa kuliko yote.

Kuku aliyekuwa naye ni mmoja. Nisikucheleweshe hapo. Ijumaa Fenosoa alimbeba Neema ndani ya koti kama alivyombeba alipokuwa kifaranga, akamkabidhi mke wa Ralaivao yuleyule aliyempa, akageuka ukutani mpaka kazi ikaisha.

Chakula kilipokuwa jikoni, watu walijaa nyumbani kwa bibi, wakubwa kaskazini, Fenosoa kusini mlangoni. Ralaivao akamwashiria. Akasimama. Kwa mazoea ya miezi saba mdomo ulijifungua wenyewe:

"Ndugu zangu, saa ya..."

Akanyamaza. Nyuso zilikuwa zimeanza kuganda, na leo aliziona. Aliziona vizuri, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Huwezi kuomba radhi kama msumari. Akashika ukosi wa koti, na lile koti likamkumbusha mwenyewe, babu yake, ambaye akisimama kusema watu walikuwa wanajua wali utapoa. Akainama, akaanza kama alivyokuwa akianza babu.

"Mimi si mkubwa hapa, ni mdogo. Walioketi ni baba zangu na mama zangu. Ningekuwa na adabu ningekaa kimya, wao wakasema."

"Ndivyo!" mtu akaitikia kutoka kaskazini. Fenosoa alishtuka. Haijawahi kutokea aitikiwe.

"Ninasimama si kwa kuwa najua, ila kwa kuwa nimekosa. Nawaomba radhi mlio mbele yangu na mlio nyuma yangu. Nawaomba radhi waliotangulia, ambao nyumba hii ni yao."

"Ndivyo!" wakaitikia watatu.

"Naomba radhi kwa mundu. Naomba radhi kwa Alhamisi, nayo Jumanne naiomba radhi kwa kuwa nimeisumbua bure." Wakacheka, lakini kicheko cha watu walio upande wako. "Naomba radhi kwa miezi saba ya kuwapigia kelele. Na naomba radhi kwa kuwa radhi hii yenyewe ni fupi, na mwombaji hakufundishwa vizuri, au alifundishwa akasahau."

"Ndivyo! Ndivyo!" nyumba nzima ikavuma. Mzee Ralaivao, mkali wa maneno wa bonde zima, alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi akakuta chumvi imekaa sawa.

Ndipo Ravelonoro akavua kofia yake. Hakuna aliyekumbuka lini aliwahi kuivua.

"Kumbe unajua," akasema.

"Najua nini, bibi?"

"Kuanza! Miezi saba unaingia nyumba za watu unaanzia katikati. Mtoto mdogo, hujamwomba mtu ruhusa ya kusema, unawaambia wazee saa imefika. Saa ya nani? Sisi tulikuwa tumekaa tunangoja uanze."

Fenosoa akaketi chini taratibu. "Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Hawa?" Bibi akawatupia jicho, na mzee Ralaivao akaanza kutafuta kitu kwenye mkeka. "Hawa wangekupa kesho mpaka uote mvi. Mimi nilikuambia kila siku kwamba sitaki. Hukuniuliza hata siku moja, bibi, hutaki nini?"

Chakula kikaja. Neema alikuwa amekatwakatwa juu ya mlima wa wali, na sahani ikawekwa katikati. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kitako cha kuku kilikuwa pale juu, kimenona, na watu wote waliangalia kando, kwa sababu nyumba hii haikuwa na mtu wa kukitoa.

Fenosoa akajisogeza kwa magoti kutoka kusini. Akakichukua kitako kile, akakiweka kwenye viganja vyake viwili vilivyochubuliwa na mundu, akamnyooshea Ravelonoro.

Bibi akakitazama kitako, kisha akamtazama yeye.

"Unajua unachofanya?" bibi akauliza polepole.

"Najua, bibi."

"Ukinipa hicho, mimi si bibi tena. Nitakuwa mama, na nitakugombeza mpaka ukome."

"Mbona unanigombeza tangu zamani?"

"Nilikuwa najaribu sauti."

Akakipokea. Alikila chote, taratibu, akaunyonya mfupa wake, machozi yakimtiririka waziwazi bila kuyafuta, na hakuna aliyethubutu kuanza kula kabla hajamaliza. Fenosoa naye alilia, nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya kuku. Nyama hakuigusa. Alikula wali na mchuzi, na mchuzi huo, Mungu amsamehe, ulikuwa mtamu sana.

"Nilisikia una mgeni Jumapili," Ravelonoro akasema akijipangusa mikono. "Mlete hapa, msalie hapa. Sijasema nimeingia dini yako. Nimesema nyumba, na nyumba ni yangu."

Mzee Ralaivao akakohoa. "Kwa kweli hata kwangu tulikuwa tunafikiria, labda kesho..."

"Kesho yako tunaijua," akasema mama, na watu wakacheka hadi kuku wa kusini wakaamka.

Jumapili mchungaji Andriamasy alipanda kilima akitweta. Alikuta nyumba imejaa hadi dirishani, na mhubiri wake ameketi katikati, si mlangoni. Hakuamini macho yake. Akatazama saa yake kubwa, akasimama, akajaza kifua:

"Ndugu zangu, saa ya wokovu..."

Nyuso zikaganda. Mtu mmoja akakumbuka ng'ombe wake. Fenosoa akaruka, akamvuta mchungaji pindo la koti, akamnong'oneza kwa haraka:

"Mchungaji, tafadhali, omba radhi kwanza!"

"Radhi ya nini? Nimekosa nini?" mchungaji akashangaa.

"Mwache, mwanangu," akasema Ravelonoro kutoka kaskazini, akimsukumia mchungaji kikombe cha maji ya ukoko. "Atajifunza. Wewe ulichukua miezi saba."